Shujaa wa kuiga: Captain Marvel mbele ya tribinali

Hadithi ya Mwindo kwa Banyanga haina mwenyewe mmoja. Ile Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene walichapisha mwaka 1969 ilitoka kinywani mwa msimulizi mmoja. Wengine nao walikuwa na Mwindo wao. Vitabu vya picha vya Marekani, vile vijana wetu wanaita bede, vilishika njia ingine. Kule shujaa ni mali, sawa shamba lenye mipaka, na mwenye kumuiga anashitakiwa.

Superman alitoka mwaka 1938, kazi ya vijana wawili, Jerry Siegel na Joe Shuster, walioachia haki zao zote kwa dola 130. Mwaka uliofuata mchapishaji Victor Fox akatoa Wonder Man, mwenye kuchorwa na Will Eisner. Juu ya huyu sina mengi ya kusema: nguvu zile zile, nguo ya kubana, na pete ya ajabu kidoleni. Alitokea mara moja tu, tribinali ikamkataza, basi.

Captain Marvel ni habari ingine kabisa. Nyumba ya Fawcett ilimtoa mwaka 1940. Bill Parker aliandika, C. C. Beck akachora. Tuseme ukweli, aliiga. Hata kava yake ya kwanza inamuonyesha akirusha motokari, na Superman alikuwa amekwisha kuinua motokari kwenye kava yake. Lakini fungua ndani. Superman ni mtu mzima mwenye kujifanya mnyonge. Captain Marvel ni mtoto yatima, Billy Batson, mwenye kutamka neno moja, SHAZAM, na radi inamshukia: hekima ya Solomono, nguvu ya Hercules, na wengine wanne. Superman alizaliwa na nguvu zake, Billy anaziita kwa kinywa. Mtoto msomaji anaweza kulitamka neno lile yeye mwenyewe, nyuma ya nyumba, mama asimsikie. Tena kuna kicheko: adui wake mmoja mkubwa ni mdudu mdogo mwenye miwani! Katikati ya miaka ya 1940 gazeti lake liliuzwa kupita lile la Superman, na mimi sishangai.

Kesi ilianza 1941. Mwaka 1951 juji Learned Hand (binamu wa Augustus Hand, yule aliyeandika hukumu ya Wonder Man) aliona kwamba kuiga kulikuwako, na akasema kila hadithi ipimwe peke yake. Kwa sheria labda ni sawa. Kwa sanaa ni kipimo kibaya, sababu ukiweka picha kando ya picha utaona wawili wanaoruka, lakini yule mtoto na neno lake hutawaona. Mwaka 1953 Fawcett, mauzo yakiwa yameshuka, wakalipa dola 400.000 na kumuacha shujaa wao. Na sisi pia, kijana akileta picha zake, tunafanya haraka kusema «hii umeiga», mbele ya kumuuliza ameongeza nini.

Ajabu inafuata. Otto Binder, mwandishi wa hadithi nyingi za Captain Marvel, alishiriki mwaka 1942 kumuumba Mary Marvel, dada ya Billy. Kisha akahamia upande wa Superman, na mwaka 1959 akaandika Supergirl: msichana, ndugu wa shujaa, nguo sawa na ya shujaa. Sasa mwizi ni nani?

Kule Uingereza, hadithi za Fawcett zilipokauka, Mick Anglo alitengeneza Marvelman mwaka 1954. Yeye neno lake ni Kimota, yaani «atomiki» kwa Kiingereza, kwa kusoma kinyume. Kazi ya haraka, ya kujaza pengo. Lakini mwaka 1982 Alan Moore alimchukua na kumfanya mtu mzima mwenye kusahau lile neno, mwenye maumivu ya kichwa, mpaka siku anapolisoma kinyume kwenye mlango wa kioo. Swali hilo, mtoto yule anakuwa nani akizeeka, halikuwa ndani ya Superman wa 1938.

Captain Marvel mwenyewe alirudi mwaka 1973, ndani ya nyumba ile ile iliyomshitaki. Jina lake lilikuwa limekwisha kuchukuliwa na nyumba ya Marvel tangu 1967, kwa hiyo gazeti lake wakaliita Shazam.