Kitunda Kilichozibwa: Kumsoma Nimzowitsch Ukiwa Dagahaley

Kuna stori ya sataranji ambayo Afrika Mashariki tunaipenda kuliko zote. Mtoto wa mtaa wa mabanda anajifunza chesi, anashinda, anapanda ndege. Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, na kocha wake Robert Katende ndio walioipa sura. Kitabu cha Tim Crothers kilitoka 2012, na filamu ya Mira Nair, Queen of Katwe, ikafuata 2016, Lupita Nyong'o akiwa ndani. Moyo wa stori hii ni kitunda, ile kete ndogo ya mstari wa mbele, ambayo ikifika mwisho wa ubao inageuka malkia. Ni stori poa, na Mutesi aliitolea jasho. Lakini imemsahau mtu mmoja: yule aliyeketi upande wa pili wa ubao, ambaye kazi yake ni kuhakikisha kitunda hakifiki.

Aliyeandika vizuri zaidi kuhusu kazi hiyo ni Aron Nimzowitsch. Alizaliwa Riga mwaka 1886, wakati mji huo ukiwa chini ya Urusi, na akawa kati ya magwiji wakubwa wa zama zake. Mwaka 1929 alishinda mashindano ya Carlsbad akimwacha nyuma hata Capablanca. Kitabu chake, Mein System, kilianza kutoka 1925, na mpaka leo wachezaji wazito wanapewa wakisome. Sio kitabu kikavu. Kete zake zina tabia, zina hasira, zina tamaa. Kitunda kwake ni kiumbe chenye hamu ya kusonga mbele, hata pale ambapo kusonga kutakiponza.

Halafu anakuja na fundisho lake maarufu, kuziba njia. Kitunda kikishapata njia isiyo na kitunda cha adui cha kukizuia, Nimzowitsch anakifananisha na mhalifu: kukichunga kwa macho hakutoshi, lazima kifungiwe. Unaweka kete mbele yake, ikiwezekana farasi, kwa sababu farasi anaziba huku bado anarukia mbali. Anaeleza jambo ambalo mwanafunzi wa chesi huliona kwa kuchelewa: kitunda kilichozibwa hakiumii peke yake. Kinageuka ukuta kwa kete za upande wake mwenyewe zilizo nyuma yake. Umesimamisha kimoja, umebana jeshi zima. Na kete yako inayoziba imekaa salama, imekingwa na kitunda kilekile ilichokifunga.

Ukisomea kurasa hizo Nairobi, unaziona ni ufundi tu. Jaribu kuzisoma ukiwa na Dagahaley kichwani.

Dagahaley ni mojawapo ya kambi za Dadaab, Kaunti ya Garissa. Ilifunguliwa 1992, mwaka mmoja baada ya Ifo, kupokea watu waliokimbia vita Somalia. Ifo, Dagahaley na Hagadera kwa pamoja zilipangiwa watu 90,000. Ukame wa 2011 ulipopiga, idadi ya watu Dadaab ilikaribia nusu milioni. Kwa miaka mingi mkaazi wa kambi hakuruhusiwa kusafiri hata hadi Garissa mjini, mwendo wa kilomita 100 hivi, bila kibali. Mei 2016 serikali ilitangaza kwamba itazifunga. Tarehe 9 Februari 2017 Mahakama Kuu ikasema hapana, kufunga ni kinyume cha katiba. Ushindi mkubwa, bila shaka. Lakini angalia ubao ulivyobaki: kurudishwa kwa nguvu kumezuiwa, na kutoka kwenda mbele bado ni kwa kibali. Kitunda hakijaliwa, wala hakijasogea.

Najua, mifano ya chesi inachosha. Kila mwanasiasa ni "mchezaji", kila uamuzi ni "hatua". Na wakaazi wa Dagahaley si vitunda. Wana maduka, wana shule, wana watoto waliozaliwa hapo ambao sasa nao ni wazazi. Lakini mfano huu hatukuuleta sisi. Nimzowitsch mwenyewe ndiye aliyetoa neno la polisi na jela akalipeleka ubaoni, na msomaji ana haki ya kuuliza: mhalifu kwa kosa gani? Kosa la kitunda ni kwamba njia yake iko wazi. Hakijamshambulia mtu, kinachotisha ni kule kinakoweza kufika. Ukisoma hivyo, kitabu kinaacha kuwa cha chesi tu. Kinaonyesha jinsi mtu mwenye akili nyingi anavyojifundisha kuona hamu ya kusogea kama jinai.

Cha kushangaza ni kwamba aliyeandika haya alikuwa mtu wa kuhama. Baada ya vita na mapinduzi aliondoka Riga, akapita Sweden, akafika Copenhagen mwaka 1922, na huko akaishi chumba cha kupanga hadi kifo chake mwaka 1935. Alitaka kupambana na Capablanca kwa taji la dunia, pesa hazikupatikana. Huyu jamaa aliijua njia iliyozibwa. Lakini kitabuni kila mara anaketi kiti cha anayeziba. Hapo ndipo mimi na yeye tunaachana. Anakipa kitunda roho, halafu anatufundisha mbinu za kuibana roho hiyo, na hasimami hata kidogo kuuliza.

Mechi yake inayosifiwa sana ni ile ya 1923, Copenhagen, dhidi ya Sämisch. Mwishoni Sämisch bado ana malkia na ngome zote mbili, mfalme wake hajaguswa, lakini karibu kila anachoweza kusogeza kinamponza. Akasalimu amri. Wapenzi wa chesi huiona ni kilele cha uzuri, na ni kweli, ni noma. Ila uzuri wake ni wa mtu kukosa pa kwenda.

Sasa linganisha na shax, mchezo wa jadi wa Wasomali, ambao ndio wengi Dagahaley. Ubao unaweza kuchorwa mchangani: miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine, vituo 24. Kila mchezaji ana kete 12, kwa hiyo zote zikishapangwa hakuna nafasi iliyobaki, na mchezo hauwezi kuendelea mpaka kila mmoja apunguziwe kete. Baadaye, ukipanga tatu kwenye mstari mmoja, unamla mwenzako kete moja. Ni mchezo mkali, hauna huruma. Lakini una sheria ambayo haimo katika mfumo wa Nimzowitsch: ukimbana mwenzako akakosa kabisa pa kusogea, ni jukumu lako kusogea tena ili umfungulie njia. Na hata kama kwa hatua hiyo umepanga tatu, huruhusiwi kumla. Kumziba mtu kabisa hakukupi ushindi. Kunakupa deni.

Mwaka 2021 shirikisho la dunia la chesi, FIDE, lilianzisha mradi wa kuwafundisha chesi wasichana katika kambi ya Kakuma. Machi 2025 serikali ikazindua Mpango wa Shirika, unaoahidi kugeuza kambi kuwa makazi ambamo wakimbizi na wenyeji wanaishi pamoja. Yote mawili ni heri. Mfundisheni mtoto Nimzowitsch, tena vizuri, maana atakutana naye kila mahali, mara nyingi akiwa amevaa sare. Lakini wanaoshika vibali wajifunze shax. Mpango wa Shirika utapimwa kwa swali moja tu: mtu wa Dagahaley anaweza kuamka asubuhi, akapanda basi la Garissa, bila kuomba ruhusa ya yeyote?