Mkaja wa Ndani

Matatu ikifika kituo cha Magongo Mwisho, makanga huwa na haraka. Mama mwenye mimba ya miezi saba hana. Anageuza magoti yote mawili kuelekea mlangoni, anateremsha miguu kwa pamoja, ndipo anasimama. Asiyejua hudhani anajivuta. Kumbe amefundishwa: nyonga inayouma haitaki mguu mmoja utangulie mwenziwe.

Mafunzo hayo ni ya wataalamu wa fiziotherapia ya nyonga, ufundi usiosifiwa vya kutosha. Kazi yao iko kwenye misuli isiyoonekana, iliyowambwa toka mfupa wa kinena hadi kifandugu mithili ya kamba za kitanda, ikibeba kibofu, kizazi na utumbo. Mimba ikikua, uzito huongezeka na homoni hulegeza kano zinazoshika mifupa. Basi mama huumwa akigeuka kitandani, akipanda ngazi za ghorofa, akiinua mtungi wa maji wa lita 20.

Pwani imemheshimu mzazi tangu kale. Mkaja, nguo anayofungwa tumboni mama aliyejifungua, umeingia hadi kwenye posa: bwana harusi humtolea mama wa bibi harusi fedha ziitwazo mkaja, kwa kukumbuka uzazi wake. Fundi wa nyonga naye humfundisha mama kujifunga mkaja wa ndani, yaani misuli ile isiyoonekana.

Margaret Morris, mcheza dansi wa Uingereza aliyesomea pia fiziotherapia, aliandika habari za kubana na kuachia misuli hii mwaka 1936. Daktari Mmarekani Arnold Kegel akayaeneza mazoezi hayo kuanzia 1948. Wengi wakashika kubana, wakasahau kuachia.

Hapo ndipo penye ufundi wenyewe. Kuna misuli inayouma kwa sababu imekazana mno, na kuibana zaidi ni kuitonesha. Fundi hodari humtazama mama akitembea, humwomba ruhusa kabla ya kumgusa, kisha humwekea kiganja mbavuni. "Vuta pumzi, mama. Sasa itoe polepole." Pumzi ikiingia, misuli ya chini hushuka, ikitoka, hupanda. Mama huonyeshwa pia kulala ubavu, mto katikati ya magoti, na kuvaa nguo akiwa ameketi.

Wengi huambiwa maumivu haya ni kawaida ya mimba, wakanyamaza. Dada wa Magongo, siku ya kliniki, iwe hospitali ya Port Reitz au kwingineko, mwonyeshe muuguzi panapouma na umwombe akuelekeze kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Ila ukiona damu, au maji yakikutoka, usingoje siku ya kliniki.