Springi inayopinda ndani ya IBM Model M

Kibodi nyingi zinazouzwa Kisumu leo zina mpira laini chini ya vitufe, na mchapaji hulazimika kubonyeza mpaka mwisho ili awe na uhakika herufi imeingia. IBM Model M ya mwaka 1985 ilimwondolea kazi hiyo kwa kipande kimoja tu cha waya.

Nilifungua moja kwenye kibanda cha fundi wa kompyuta Manyatta. Bolti nne za nyuma zimezama ndani, bisibisi haizishiki. Zinataka soketi nyembamba ya milimita 5.5. Ng'oa kofia ya kitufe, utakuta tundu refu la plastiki na springi imesimama wima ndani yake. Mguu wa springi umekaa juu ya kijinyundo cha plastiki kinachobembea. Kidole kikishuka, springi hushindiliwa hadi ishindwe kuhimili, kisha hupinda kando ghafla. Papo hapo hugonga ukuta wa tundu, ndio ule mlio wa "ta!", na kijinyundo hugeuka kikabonyeza tabaka za plastiki zenye mistari ya umeme, zikagusana. Mlio, mshtuko kidoleni na herufi vyote vinazaliwa na mpindo uleule. Ndiyo maana mlio wake haudanganyi.

Springi hii si ya Model M kwa asili. Richard Harris wa IBM aliipatia hataza mwaka 1978, na kibodi ya IBM PC ya 1981, yaani Model F, tayari iliitumia. Ila Model F haikuwa na tabaka zinazogusana: kijinyundo kilisogea juu ya bodi ya saketi, nayo ikahisi badiliko la chaji. Ulikuwa ufundi bora, lakini ghali. Model M ilipunguza gharama, na hapo ndipo ninapoilaumu IBM: bamba la chuma la nyuma lilishikizwa kwa riveti za plastiki zilizoyeyushwa vichwa. Miaka ikipita, vichwa hivyo hukatika. Bamba hulegea, vitufe hupoteza mlio, na ukiitikisa kibodi unasikia vipande vikicheza ndani.

Dawa yake fundi yeyote makini anaiweza. Laza kibodi kifudifudi ili vijinyundo visimwagike, kata mabaki ya riveti kwa wembe, toboa kwa drili ya milimita 1.5, kisha funga skrubu za milimita 2 na nati zake. Usikaze upande mmoja kwanza. Bamba lina mpindo wake, likilazimishwa vitufe vya pembeni hukwama. Ni kazi ya subira, haihitaji chipu wala kulehemu.

Kwa sababu ya bamba hilo, kibodi hii huwa na uzito wa kama kilo mbili, na wanunuzi wa skrepa Kondele na Kibuye wanapenda kitu kizito. Nawaomba: kabla hamjaitupa kwenye mizani, igeuzeni msome lebo ya nyuma. Ikiwa ni Model M, mpelekeeni fundi.