"Nyavu za Kukokota": Istilahi Moja, Vitu Viwili

Tangu Bunge la Tanzania lilipotunga sheria mwaka 2021 ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, wafasiri wamekabidhiwa kazi kubwa. Miongoni mwa matini hizo imo Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 pamoja na Kanuni zake za 2009. Hapo istilahi "nyavu za kukokota" yahitaji kuhakikiwa, maana imebebeshwa vitu viwili visivyofanana.

Cha kwanza ni wavu unaozungushwa majini kwa mtumbwi, kisha huvutwa na watu waliosimama ufukoni. Pwani huitwa juya. Ziwa Viktoria huitwa kokoro. Cha pili ni mfuko wa nyavu ufungwao nyuma ya meli, ukapita chini kabisa ukikwangua mchanga, nyasi na mazalia. Kokoro limepigwa marufuku. Meli ya kuvulia kamba baharini huwekewa leseni, msimu na mipaka. Basi mfasiri akiandika kwamba nyavu za kukokota huruhusiwa kwa leseni, mwenye kokoro atadai yake. Akiandika kwamba zimekatazwa, amefuta leseni ya meli. Hakimu atahukumu kwa maandishi yaliyo mbele yake.

Tumfikirie mwalimu wa Nyabusozi, Biharamulo. Kokoro analijua, kwani wilaya hiyo ilifika ziwani hadi Chato ilipomegwa mwaka 2005. Meli ya kamba hajaiona. Neno "kukokota" litamletea picha ya kokoro au, vibaya zaidi, ya mkokoteni.

Kiswahili kinacho kitenzi kingine: kuburura. Kinachoburutwa hugusa ardhi na kuacha alama, nayo alama hiyo ndiyo madhara ambayo sheria hukusudia kuyapunguza. Napendekeza "wavu wa kuburura" kwa ule wa meli upitao chini, na juya na kokoro yabaki na majina yake. Iko pingamizi: zipo meli zivutazo wavu katikati ya maji bila kugusa chini. Hizo zipewe jina lake. Si haki kuzitia katika kosa lisilo lao.

"Kizuia kasa" nacho ni kibaya. Kifaa hicho ni kichanja cha vyuma chenye upenyo ndani ya wavu, ili kasa atoke. Asomaye "kizuia" aweza kudhani kasa hufungiwa ndani. "Mlango wa kasa" hueleweka na baharia pia.

Lililo gumu zaidi ni lile la samaki wanaonaswa pamoja na kamba. Wengine husema "samaki wasiotakiwa". Wasiotakiwa na nani? Katika Ghuba ya Ungwana, ambako Kenya ilisimamisha meli hizo mwaka 2006 baada ya ugomvi na wavuvi wadogo, samaki waliotupwa na meli ndio hao wavuvi wa Kipini waliowatafuta kwa kitoweo na kwa biashara. "Mavuo yasiyokusudiwa" husema ukweli bila kumpendelea mwenye meli.