Mchimbaji wa picha: kuhusu kazi ya Sammy Baloji

Wataalamu wa mambo ya kale walipofungua makaburi ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, mu 1957 na 1958, waliandika pahali pa kila kitu: chungu kilikuwa wapi, msalaba wa shaba ulilala kifuani ama mkononi. Ile njo sheria ya kazi yao. Kitu kikitolewa pahali pake bila kuandikwa, kinakuwa bubu.

Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi (1978), hakusomea kuchimbua udongo. Alisoma lettres ku Unilu. Lakini anachimba vilevile: anaingia mu masanduku ya picha za wakoloni, anazisoma kama mtu wa antropolojia, kiisha anazitengeneza kuwa sanaa.

Mu « Mémoire » (2006) alipiga picha za rangi za viwanda vya Gécamines vilivyokufa, mabati ya kutu, udongo mwekundu. Ni myaka ile kampuni ilipoachisha watu zaidi ya 10 000 kwa jina la « départ volontaire ». Mbele ya magofu hayo akasimamisha watu aliowakata mu picha za zamani, nyeusi na nyeupe. Wazungu wanakagua kazi isiyokuwako tena. Wafanyakazi wamejipanga, wanatuangalia sisi.

Mimi lakini napenda zaidi « Congo Far West », iliyoonyeshwa Tervuren mu 2011. Charles Lemaire alipopita Katanga kati ya 1898 na 1900, alikuwa na mpiga picha, François Michel, na mchoraji, Léon Dardenne. Dardenne alipaka milima na mito kwa rangi za maji, inchi nzuri, yenye kutulia. Baloji akachukua mwanamke wa picha ya Michel, akamuweka juu ya mchoro wa Dardenne. Basi! Uzuri wa ule mlima haukutulia tena. Tunaelewa kama mkono uliopaka na jicho lililopima watu vilikuwa mu safari moja.

Sasa neno langu la lawama. Kumukata mutu mu picha ni kuvunja ile sheria ya Sanga: tunapoteza kambi, mwaka, jirani aliyesimama kando yake. Niliwaonyesha wanafunzi picha moja ya « Mémoire ». Mumoja akauliza: « Prof, huyu wa tatu ni babu ya nani? » Nilinyamaza.

Ni kweli, kosa lilianza mbele ya Baloji. Yule mwanamke anaitwa tu « Femme Urua », mwanamke wa inchi ya Baluba, sawa vile hakukuwa na mama aliyemupa jina. Msanii hawezi kubuni jina ambalo hakuna aliyeliandika. Lakini wafanyakazi wale si wa 1898. Wengine watoto wao wako hai mu kambi zetu. Kazi hizi zimezunguka Ulaya na Amerika. Zikionyeshwa hapa Lubumbashi, ningeomba kando ya kila picha kuwe kaye na kalamu, na kiti cha mzee, ili akipita na kusema « huyu ni shemeji yangu », mutu aandike.