Nguzo Mbili, Wasomaji Wachache

Tarehe 8 Oktoba 2021, nchi na maeneo 136 yaliafiki andiko fupi kuhusu kodi za kampuni kubwa za kimataifa. Kenya haikuafiki. Nimelisoma andiko hilo hapa Kakamega vile ninavyosoma tamthilia: nani anasema, nani anasemewa, nani hayupo jukwaani. Wachumi wana hesabu zao. Mimi shida yangu ni lugha, kwa sababu ndiyo imefanya wengi wetu tuone mambo haya ni ya wenyewe.

Mpango unaitwa Nguzo Mbili. Nguzo ya kwanza inazipa nchi zenye wateja haki ya kutoza sehemu ya faida ya kampuni hata kama haina ofisi huko. Ya pili inaweka kodi isiyopungua asilimia 15, ili kampuni zisihamishie faida kwenye visiwa visivyotoza kitu. Walioketi mezani wanaitwa Mfumo Jumuishi. Jumuishi kivipi? Kanuni za awali zilikamilishwa mwaka 2015 na OECD, chama cha nchi ambazo nyingi ni tajiri, pamoja na kundi la G20. Mfumo Jumuishi ukaanza 2016, na anayeingia anaahidi kutekeleza yaliyokwisha kuandikwa. Mgeni anakaribishwa nyumba ikiwa imeshaezekwa, halafu anaambiwa ati tumeijenga sote.

Sasa soma masharti. Nguzo ya kwanza inagusa tu kampuni zenye mauzo yanayozidi yuro bilioni 20 na faida inayopita asilimia 10. Hizo ni chache mno. Lakini anayeafiki anatakiwa kufuta kodi yake ya huduma za kidijitali kwa kampuni zote. Kenya ilikuwa imeanza kutoza yake, asilimia 1.5 ya mapato, Januari 2021. Wahenga walishasema, usiache mbachao kwa msala upitao. Na msala wenyewe umepita kweli: Juni 2025 kundi la G7 lilikubaliana kuziondolea kampuni za Marekani sehemu ya nguzo ya pili.

Kwa hiyo kukataa kule kulikuwa usomaji mzuri. Kinachonikera ni kilichofuata nyumbani.

Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka mkate utozwe VAT ya asilimia 16. Vijana waliutafsiri kwa lugha za kwao, wakaurusha TikTok, na kila mtu akaelewa mkate. Ndani ya mswada huohuo kulikuwa na kodi mpya ya kampuni za nje zinazofanya biashara mtandaoni, iliyopewa jina la uwepo mkubwa wa kiuchumi. Katika tafsiri nilizosikiliza, hiyo haikutajwa. Mswada uliondolewa Juni, baada ya damu kumwagika barabarani. Desemba kodi hiyo ikarudi kupitia sheria nyingine, ikachukua nafasi ya ile ya 1.5.

Ukiisoma haraka unaona asilimia 30. Ukirudia polepole unakuta faida inahesabiwa kuwa asilimia 10 tu ya mauzo, halafu hiyo ndiyo inatozwa 30. Kumbe ni asilimia 3 ya mauzo. Ni mara mbili ya ile ya zamani, na hilo ni jema. Lakini tangu Sheria ya Fedha ya 2023, Mkenya anayeuza maudhui mtandaoni, waandishi kama mimi tukiwemo, anakatwa asilimia 5 ya malipo kabla hajayagusa. Kwa haki, hiyo 5 ni malipo ya awali, mtu anaweza kuidai akiwasilisha hesabu za mwaka. Ila sheria iliyo wazi kwa mdogo na fumbo kwa mkubwa ina kasoro ya uandishi, na kasoro hiyo ina bei.

Sasa Umoja wa Mataifa, kwa msukumo wa nchi za Afrika, unajadili mkataba mpya wa kodi. Novemba 2025 wajumbe walikutana Nairobi. Huko angalau kila nchi ina kura. Lakini kura ya Kenya ni yetu tu kama tumesoma tunachopigia. Katiba yetu, kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Basi rasimu ije kwa Kiswahili kabla haijatiwa sahihi, ndiyo mama mboga wa soko la Kakamega aulize kama alivyouliza kuhusu mkate: nani analipa, na ni ngapi?