Ndoo ya Silabi

Anayetaka kumfundisha mtoto mdogo kusoma nyumbani huanza kwa kukusanya. Ukiingia nyumba nyingi za Kihonda utaukuta mkusanyo huo uvunguni mwa kitanda: kitabu cha darasa la kwanza alichokiacha kaka mkubwa, kurasa za mwanzo zimeshachanika, kalenda ya mwaka juzi yenye picha za wanyama, kitabu cha kupaka rangi ambacho rangi zimeshapakwa zote, daftari lenye a e i o u zilizorudiwa mpaka mstari wa mwisho. Vyote vimetunzwa kwa nia njema, na vingi havimfundishi mtoto kitu. Ustadi ninaotaka kuusifu unaanza pale mkusanyo huo unapochambuliwa, na walio nao ni wachache. Jirani yangu mmoja anao. Alifundisha darasa la awali mpaka akastaafu. Sasa barazani kwake hukaa wajukuu na watoto wa majirani, na mtaa mzima, wakubwa kwa wadogo, tunamwita Mwalimu.

Kihonda iko pembezoni mwa mji wa Morogoro, mtu anapoelekea Dodoma. Ni kata ya viwanda, ya reli na ya wapangaji. Tangu treni ya umeme ianze kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, wapangaji wamezidi. Kwenye mkeka mmoja wa Mwalimu utamkuta mjukuu wa Kiluguru aliyelelewa na bibi mzaa mama, mtoto wa Kisukuma ambaye baba yake anafanya kazi kiwandani, na pacha wawili wa Kinyakyusa. Kiswahili ni cha wote, ila kila mmoja amekuja na sikio la kwao. Mwalimu huanzia hapo.

Niseme mapema kwamba hapa kwetu kufundishia nyumbani hakuchukui nafasi ya shule. Marekani mzazi anaweza kumbakiza mwanawe nyumbani mpaka akamaliza masomo, na wachapishaji wakamuuzia vitabu vya mwaka mzima ndani ya boksi moja. Kwetu Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilifanya uandikishaji wa shule ya msingi kuwa wa lazima, kwa hiyo mafunzo ya nyumbani ni ya kabla ya awali, ya jioni na ya likizo. Hakuna wa kukuletea boksi. Unachagua mwenyewe, kwa kilichopo.

Chombo cha Mwalimu ni ndoo ya rangi ya ukutani, ile ya lita ishirini yenye mfuniko wa kubana. Aliichagua kwa sababu ya mchwa. Udongo wa Kihonda una mchwa wasiojali kitabu cha nani, na mende hupenda gundi ya mgongoni mwa kitabu. Panya nao wapo. (Mji huu una chuo ambako panya hufugwa na kufundishwa kazi ya maana, nitalifikia hilo, ila wa mtaani kwetu hawajasoma.) Masika yakishika, karatasi iliyolala sakafuni hunyonya unyevu ikavimba. Ndoo imefunikwa, imekaa juu ya matofali mawili, na mtoto wa miaka minne anaweza kuifungua akisaidiwa kidogo. Hilo la mwisho Mwalimu analipa uzito kuliko mchwa. Kitu ambacho mtoto hakifikii, anasema, ni cha mzazi.

Ajabu ni kwamba somo huanza ndoo ikiwa bado imefungwa. Watoto wanapiga makofi. Mwalimu anataja "mahindi", nao wanapiga matatu: ma, hi, ndi. "Baiskeli", manne. Kisha anataja "mto". Wageni hupiga kofi moja, wazoefu wawili. Anarudia taratibu, m kwanza, halafu to, mpaka hata pacha wa Kinyakyusa wasikie kwamba ile m imesimama peke yake na inastahili kofi lake. Nilipoona mara ya kwanza nilidhani ni kuchangamsha watoto tu. Kumbe alikuwa anasafisha njia. Mtoto aliyefundishwa ma me mi mo mu peke yake, siku atakapokutana na "mto" kitabuni atatafuta irabu baada ya m, asiione, akabuni "muto" au "mato", na mzazi atasema mtoto hana akili. Wa Mwalimu atakutana na m hiyo akiwa ameshaipigia kofi, na ndani ya ndoo kuna kadi yake maalumu, m moja tu, imezungushiwa wino mwekundu.

Kadi nyingine zimekatwa kwenye maboksi ya sabuni, silabi moja kila kadi, kwa makapeni nyeusi. Mpangilio wake haufuati alfabeti. Baada ya irabu tano huja m, k, t na l. Konsonanti nne mara irabu tano ni silabi ishirini, na kwa hizo ishirini mtoto anajenga mama, kaka, kuku, kiti, moto, mate, tatu, tamu, lala, kalamu, kamata. Ongeza ile m yenye wino mwekundu upate mti, mtu, mtama, mkate, mkeka na mlima. Mkeka wameukalia. Mlima wanauona wakiinua macho, Uluguru yote imejipanga kusini mwa mji. Angefuata alfabeti, mtoto angemaliza wiki kwenye ba, cha na da bila kupata maneno mengi ya maana zaidi ya baba na dada. Halafu b na d, herufi mbili zinazotofautiana kwa upande wa tumbo tu, zingekuwa zimemvaa kwa pamoja. Kwake b huingia mapema, maana hakuna mzazi anayekubali kungoja "baba", lakini d inawekwa kwenye bahasha na haitoki mpaka b izoeleke. Ng', dh, th na gh ziko chini kabisa ya ndoo. Nchi yetu imejaa watu wazima wanaosema zahabu, na mambo yanakwenda.

Vifaa vya ukutani ni viroba. Mfuko wa sukari unafumuliwa pembeni, unageuzwa upande usio na maandishi, unapindwa kingo kwa sindano, na silabi zinaandikwa kwa safu. Walimu wengi wa msingi nchini hufanya hivyo, nami naona ni miongoni mwa uvumbuzi bora wa darasa la Kitanzania. Karatasi ya manila haimalizi muhula. Kiroba ukikivuta hakichaniki, vumbi la barabara ya viwandani unalifuta kwa kitambaa, na jioni unakikunja kama khanga. Mwalimu hatundiki viroba viwili pamoja. Ukuta uliojaa, anasema, mtoto anaacha kuutazama, na kwa hili nadhani anazishinda shule nyingi za kulipia ambazo hazina nafasi ya kutundika hata saa.

Kwenye vitabu ndipo anapokuwa mkali. Hali si mbaya kama zamani. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianza mwaka 1991, wakati ambao kitabu cha hadithi cha Kiswahili kwa mtoto mdogo kilikuwa adimu, na tangu hapo waandishi na wachapishaji wa humu nchini, E&D Vision na Mkuki na Nyota miongoni mwao, wametoa vingi. Hadithi za bure nazo zipo. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa Afrika Kusini, umeweka mtandaoni hadithi fupi katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na steshenari yoyote ya Kihonda itakuchapia. Kwa hiyo kazi siku hizi ni kujua cha kuacha.

Kipimo cha kwanza ni mdomo. Anasoma ukurasa kwa sauti kama anayemsimulia mtu. Sentensi ikimlazimisha kubadili sauti yake ya kawaida, kitabu kinarudi kilikotoka. Tafsiri mbovu hunaswa hapo haraka: watoto wa kitabuni wanaoambiana "mpendwa" wakati wa kuchota maji, mama anayempa mwanawe "siku njema" mlangoni. Kipimo cha pili sikuwahi kukisikia kwa mtu mwingine. Anaangalia herufi a. Vitabu vingi huchapwa kwa ile a yenye kichwa kilichopinda juu ya tumbo, na mtoto amefundishwa kuandika a ya mviringo yenye mkia. Kwa mtu mzima ni kitu kimoja. Mtoto anayeanza anaona herufi mbili ngeni, na kwa Kiswahili, ambamo a iko karibu katika kila neno, ukurasa mzima unamfungia mlango. Kwa hiyo vitabu vya mwanzo vya ndoo vyote vina a ya mviringo. Yenye kichwa huja baadaye, kwa kutambulishwa, mkono kwa mkono, kama mgeni.

Asipopata kitabu anachokitaka, anakitunga. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa na kukatwa vizuri inatoa kurasa nane ndogo. Kinachopendwa kuliko vyote barazani kinamhusu Magawa, panya buku aliyezaliwa hapa Tanzania na kufunzwa hapa Morogoro na APOPO, shirika lenye makao yake Chuo Kikuu cha Sokoine, kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Alipelekwa Kambodia mwaka 2016, akagundua mabomu zaidi ya sabini, mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu ya wanyama na shirika la PDSA la Uingereza, na akafa Januari 2022. Kitabu cha Mwalimu hakina mwaka wala nishani. Kina mistari hii: Huyu ni Magawa. Magawa ni panya. Ananusa, ananusa, ananusa. Amekamata harufu. Anakuna. Tazama jina lenyewe lilivyo, silabi tatu, zote zinaishia na a. Tazama alivyoipa "ananusa" nafasi mara tatu, ili jicho lichoke kuhangaika nayo kabla ukurasa haujageuka. Na "amekamata" imetoka kwenye kamata ya kadi za wiki ya mwanzo. Picha kachora mjukuu, na panya ana masikio ya sungura. Hakuna aliyelalamika.

Hadithi ndefu ni za mdomo, na zina zamu yao kama kadi. Paukwa, pakawa, kisha sungura, fisi, au ile ya kima aliyemdanganya papa kwamba moyo wake ameuacha mtini, ambayo mmisionari Edward Steere aliiandika kutoka kwa wasimulizi wa Unguja na kuichapa London mwaka 1870, ingawa barazani hakuna anayemjua Steere na hadithi haijapungukiwa. Kesho yake watoto wanaisimulia upya na Mwalimu anaandika wanachosema, kama walivyosema. Mmoja alimwambia: "Papa kakasirika mpaka meno." Akaandika hivyo hivyo. Mzazi aliyekuwa pembeni alitaka asahihishe, naye akamjibu kwamba mtoto anajua alichosema, kwa hiyo ataweza kukisoma; kikisahihishwa kitakuwa cha Mwalimu, na itabidi aanze kukikisia. Wapo wanaotegemea mashine: mwaka 2019 shindano la Global Learning XPRIZE, lililojaribu vishikwambi vyenye programu za Kiswahili katika vijiji vya Tanga, liligawa dola milioni kumi kwa washindi wawili. Sina neno na vishikwambi. Ila hata kwa wahandisi wa programu hizo ilibidi mtu akae chini aamue sauti ipi itangulie ipi, na uamuzi huo ndio unaofanyika kila Jumapili jioni juu ya mkeka huu, kwa bahasha.

Jumapili ndoo inamwagwa. Vitu vitatu tu vinachaguliwa kwa wiki, seti ya kadi, kitabu kimoja na kiroba kimoja. Vingine vinarudi ndani. Ana daftari la kaunta ambamo haandiki mtoto amefaulu nini. Anaandika kitabu kipi kiliombwa kusomwa tena na kipi kiliachwa katikati. Kilichoachwa na watoto watatu kinahamia nyumba nyingine. Mtoto akianza awali, Mwalimu anaazima madaftari yake ya shule na kuzipanga kadi upya zifuate mwendo wa mwalimu wa kule, hata kama yeye asingeanza na herufi hizo. Mtoto, anasema, hawezi kupanda daladala mbili kwa wakati mmoja.

Ugomvi uliobaki ni wa Kiingereza. Shule za Kiingereza zimejaa upande huu wa mji, zina usaili, na mabango ya plastiki ya herufi zake yanauzwa stendi ya Msamvu, kuanzia tufaha mpaka chombo cha muziki kinachoanzia na x ambacho muuzaji mwenyewe hajawahi kukiona. Mama wa wale pacha alikuja na bango moja.

"Shikamoo Mwalimu. Nimewaletea hili, litundike."

"Marahaba mwanangu. Asante. Nitaliweka kwenye ndoo nyingine."

Ipo kweli, ndogo, yenye mfuniko wa bluu. Ndani kuna picha na nyimbo za Kiingereza za kuimba, hakuna herufi hata moja inayotolewa. Mtoto aliyetoka kujua kwamba m na e ni "me" ya "meza" akiambiwa kesho yake kwamba herufi hizo hizo zinasomwa "mi", atazishuku zote mbili. Kwa hiyo herufi za Kiingereza zinangoja mpaka asome ukurasa mzima wa Kiswahili bila kusaidiwa.

"Lakini Mwalimu, usaili ni Novemba."

"Mkubwa anasoma Magawa mpaka ukurasa wa tano," akasema. "Mdogo bado ananusa. Niachie mpaka Septemba."

Mama akaliacha bango likiwa limeviringishwa na rababendi yake, akasema Septemba atakuja kuuliza.